Siku Tuliyoifungua 1JZ ya Prosper

Ubao bado upo. Umepigiliwa misumari kwenye mgunga ulio katikati ya uwanja wa mafundi hapa Same, na maandishi yake ni ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu: FUNDI ATAKAYEUA INJINI YA MTEJA ATATOKA UWANJANI. Juni 1998. Aliyeuandika ni Loth. Aliyesababisha uandikwe ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Chuo sikusoma. Jina langu lilikuwamo kwenye orodha ya shule ya ufundi mwaka 1989, likatoka. Aliyelitoa namjua, na mwanawe aliyeingia nafasi yangu namjua pia. Leo hii hawezi kubadilisha hata plagi. Mimi nikajifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa vitabu vya Kijapani nilivyovisoma kwa picha. Kisha mwaka ule nikafunga mkanda wa taimingi kwenye injini ya dizeli ya basi dogo, ukakatika baada ya siku nne, valvu zikagongana na pistoni, zikapinda zote. Loth, mkubwa wa uwanja, akasema mwanamke hafai. Nikatoka. Nilirudi mwaka 2009, baada ya barua kumi na saba. Nakala ninazo.

Tangu nirudi namwamkia Loth kila asubuhi, maana ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na tano na mama yangu alinilea. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Neno la tatu halijawahi kumpata kutoka kwangu bila sababu.

Sasa nina fundi wangu, Careen, binti wa Bombo. Nilimfundisha tangu alipomaliza kidato cha nne. Ana miaka ishirini na sita, ana mkono mwepesi kuliko wangu, na anaandika kila kazi kwenye daftari: tarehe, gari, alichokiona, alichokifunga. Kitu kimoja tu kwangu anakichukia, kamba ya katani. Baba yangu alikata katani Makanya miaka thelathini, na alichoniachia ni fundo la kufungia mzigo pamoja na tabia ya kutembea na kamba mfukoni mwa aproni. Nimefungia bampa, nimefungia eksozi, nimefungia milango.

"Mama," Careen huniambia, "hii ni gereji au mnada wa mbuzi?"

Nacheka, nafunga.

Jumanne moja, mnamo saa tano, Fuso la mchanga liliingia uwanjani likiwa limevuta Mark II nyeupe ya miaka ya tisini. Mwenye gari, Prosper, mkulima na mfanyabiashara wa mchele wa Ndungu, alishuka na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama Devotha, shikamoo."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Nilikuwa napanda Suji kwa wakwe. Inavuta vizuri, tabochaja zinalia, ghafla kimya. Haikukohoa wala kugugumia. Nikipiga stata inazunguka harakaharaka, nyepesi, kama haina kitu ndani. Kama si watu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, waliokuwa wanaziba makorongo, ningelala pale."

Barabara hiyo nimeiandikia barua tisa. Lakini siku ile sikuikumbuka barabara. Nilikuwa nimekwisha kusikia neno "nyepesi".

Stata ikizunguka nyepesi hivyo, mkanda wa taimingi umekwenda. Huo ndio unaoziambia valvu saa ya kufunguka na saa ya kufunga kulingana na pistoni zinavyopanda. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu zinasimama zilipo na pistoni zinaendelea kupanda. Ziko injini ambazo hizo mbili hazifikiani hata iweje: unafunga mkanda mpya, unaondoka. Na ziko nyingine ambazo zinakutana. Zikikutana, ndiyo habari yangu ya 1998.

Loth alishafika. Uwanjani kwetu harufu ya msiba inamfikia kabla ya simu.

"Nani alifunga mkanda huo?"

"Mimi, mzee," Careen alisema. "Wiki tatu zilizopita."

"Injini gani?"

"2JZ," Prosper akadakia, kwa kujidai kidogo hata katika shida ile. Kwenye buti kweli kulikuwa na stika imeandikwa hivyo. "Niliambiwa Dar. Lita tatu, tabo mbili."

"Si 2JZ," Careen akasema. "Ni 1JZ. Lita mbili na nusu. Nimeandika kwenye daftari."

Loth aliwatazama wote wawili, kisha akatabasamu, na mimi tabasamu lile nalijua.

"Basi jibu tumeshalipata. Mwenye gari anasema mbili, fundi anasema moja. Mkanda wa hizi mbili si mmoja. Kafunga usio wake, umelegea, umeruka. Tutaifungua Alhamisi saa tatu, hadharani. Valvu zikiwa zimepinda, binti, ubao ule pale. Kusoma si unajua?"

"Tena vizuri kuliko aliyeuandika," nilisema mimi.

"Sijakuuliza wewe, Mama Devotha. Wewe uliusoma zamani."

Watu wakacheka. Niliwaandika kichwani, mmoja mmoja.

Jumatano jioni nilimkuta Careen anapanga spana zake kwenye ndoo, kubwa chini na ndogo juu, namna mtu anavyopanga anayehama.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Usinidanganye. Valvu haziwezi kupinda kwenye injini ile. Ni 1JZ ya zamani."

"Najua, mama. Kifuniko nilikifungua mwenyewe. Lakini ile injini imepita mikono mingi kabla ya yangu. Kama kuna mtu aliikwangua hedi sana ili aisawazishe? Pengo la valvu na pistoni linapungua. Hilo mimi sikulipima, nilibadilisha mkanda tu." Aliweka spana ya mwisho. "Na wewe ulitoka ukarudi baada ya miaka kumi na moja kwa sababu una barua ndani yako. Mimi sina."

Alikuwa ameuliza swali la fundi, na jibu lake lilikuwa ndani ya chuma.

Alhamisi uwanja ulijaa. Walikuja hata mafundi wa pikipiki. Yudith, anayetuuzia makande, alisogeza sufuria lake karibu ili asipitwe. Mark II ilikuwa imeegeshwa kivulini, boneti juu. Kwa bahati, Loth alikuwa na injini nyingine chini ya turubai, 1JZ ya toleo jipya iliyotoka kwenye gari lililopinduka Hedaru. Nilimwomba ailete.

"Ya nini?"

"Ili watu waone ndugu wawili wakiwa wamesimama pamoja. Au unaogopa wataona nini?"

Akaileta. Vijana wanne waliibeba kwa bomba, wakaiweka juu ya tairi.

"Careen," nikasema, "waeleze."

Alianza kwa sauti ndogo. Alisema 1JZ na 2JZ ni watoto wa baba mmoja. Zote silinda sita kwenye mstari, bloki ya chuma kizito, na tundu la silinda ni lilelile, milimita themanini na sita. Tofauti ni safari ya pistoni. Kwenye 2JZ inapanda na kushuka milimita themanini na sita. Kwenye 1JZ ni sabini na moja na nusu.

"Kwa hiyo bloki ya 2JZ ni ndefu zaidi kwenda juu, kama upana wa kidole," alisema. "Hedi inayobeba valvu inakaa juu zaidi, na mkanda wake lazima uwe mrefu zaidi. Ndiyo maana mzee anasema haziazimani. Hapo mzee yuko sawa."

Loth akaitikia kwa kichwa kabla hajakumbuka kwamba hakutakiwa kuitikia.

"Sasa njooni muone." Careen alifuta ubavu wa bloki ya Prosper kwa kitambaa chenye petroli. Herufi zilizotokeza kwenye chuma chenyewe zilijitokeza kutoka kwenye grisi: 1JZ. Prosper aliinama, akasoma, akasoma tena.

"Stika ilisema..."

"Stika inauzwa stendi," Yudith akamwambia kutoka kwenye sufuria. "Na ya simba ipo."

Prosper, aliyetaka kubakiza heshima kidogo, akauliza: "Lakini tabo si mbili? Zina tofauti gani basi na mbili za 2JZ?"

Hapo niliingia mimi, maana Careen ni mzuri wa vipimo lakini mimi ni mtu wa Suji kwa mama. "Unazijua ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia ya milimani?"

"Mama, mimi nalima mpunga, nitaachaje kuzijua?"

"Basi sikiliza. Moshi wa eksozi ndio maji. Tabo ndiyo ndiva: inapokea maji yanayopita na kuyapa nguvu ya kulisha shamba. Hii 1JZ yako ya zamani ina ndiva mbili ndogo, kila moja ina mfereji wake wa silinda tatu, na zote zinafunguliwa pamoja. 2JZ nayo ina mbili, lakini kwa zamu: maji yakiwa machache yote yanaelekezwa ndiva ya kwanza, yakishakuwa mengi ndipo ya pili inafunguliwa. Na hii ya mzee hapa chini, 1JZ mpya, wamevunja habari ya mbili. Ndiva ni moja, mifereji yote sita inaingia humo."

"Ipi bora?"

"Ile ambayo mkulima wake haamini stika."

Walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa upande wetu. Hata hivyo Loth hakuwa mjinga, na hili nalisema ingawa linaniuma. Alinyoosha kidole kwenye hedi.

"Bloki ni ya zamani, sawa. Juu je? Hizi injini za Dar zinaungwa. Nani kakuhakikishia hedi si ya mpya? Ile ya mpya valvu zinafika mbali."

Careen alitoa boliti za kifuniko cha juu, akakiweka kando, akanyoosha mkono kwenye injini ya pili. Pale mtoto wa shule angeona. Kwenye 1JZ mpya, gia ya kamshafti moja, fimbo inayofungua valvu, ilikuwa nene imevimba, kwa sababu ndani yake oili inaisukuma ili ibadilishe saa ya valvu wakati injini inakimbia. Kwenye ya Prosper gia zote mbili zilikuwa bapa, sawa kwa sawa.

"Hiyo nene ndiyo inayoweza kuzisogeza valvu karibu na pistoni," alisema. "Mafundi wanabishana mpaka leo kama kwenye hiyo mpya zinagongana au hazigongani. Mimi siibishii. Lakini ya zamani wanakubaliana: kama haijakwanguliwa kupita kiasi, hazifikiani."

"Kama," Loth akasema.

"Kama," Careen akakubali.

Ikabaki kuona kilichokula mkanda. Alifungua kifuniko cha chini mwenyewe, amelala mgongoni, mimi nikamulika tochi. Mkanda ulitoka vipande vipande, lakini kipande kikubwa kilikuwa na namba yake, na namba ilikuwa ya 1JZ, kama daftari lilivyosema. Meno yalikuwa mazima. Haukuwa umelegea. Ulikuwa umechanwa ubavuni, kama kitambaa kilichovutwa na msumari.

"Kuna kitu kimejisokota kwenye puli," Careen alisema kutoka chini. "Nyuzinyuzi. Nyeusi. Sijui ni za mkanda?"

Akakivuta, akanipa bila kukitazama, akaendelea kuchokonoa.

Kilikaa kiganjani mwangu, kimejaa oili na unga wa mpira. Nilikisugua kwa kidole gumba. Chini ya weusi kulikuwa na rangi ya majani makavu. Ilikuwa katani, na kwenye katani lilikuwamo fundo: mizunguko miwili, ncha imerudishwa chini ya yenyewe. Hapa Same nzima halifungwi na mtu mwingine. Aliyelifunga kabla yangu amezikwa Makanya.

Ndipo siku ile ikanirudia yote, na sijui ilikuwa imejificha wapi, mimi ninayekumbuka nani alikaa kiti gani mwaka 1989. Jumamosi iliyopita. Careen yuko Bombo kwenye kipaimara cha mdogo wake. Prosper anaacha gari kwangu, anaenda benki, anasema kuna kitu kinagongagonga mbele. Naangalia: kifuniko cha chini cha mkanda kimepasuka pembeni, boliti imeanguka. Nasema nikibane kwa muda, Careen akirudi atatia boliti. Napitisha kamba kwenye ufa, nafunga. Dakika ileile anaingia mkusanya ushuru na risiti zake za mwaka uliopita, tunaanza kugombana, tunagombana mpaka ofisini kwao, nashinda, narudi nimefurahi. Prosper ameshachukua ufunguo kwa Yudith na kuondoka. Na mimi sikumwambia mtu yeyote chochote.

Kamba ikalegea kwa mtikisiko wa njia ya Suji, ncha ikaingia ndani, mkanda ukaidaka.

Mkono wangu ulijifunga wenyewe. Mfuko wa aproni ulikuwa karibu. Nasema ukweli: vidole vilifika mdomoni mwa mfuko. Watu walikuwa wanamtazama Careen. Loth alikuwa anautazama ubao.

"Mama, ni nini hicho?" Careen aliuliza, bado chini ya gari. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana, na viatu vyake vya kazi, vile nilivyomnunulia.

Nikafungua kiganja.

"Ni katani. Ni kamba yangu, na fundo ni langu. Nilifunga kifuniko Jumamosi, sikumwambia Careen, sikumwambia mwenye gari. Mkanda alioufunga binti huyu ulikuwa mzima. Mzee Loth, njoo uone, usije ukasema umesimuliwa. Injini ikiwa imekufa, ubao ule ni wangu, si wake."

Careen alijitoa chini ya gari, akakaa kwenye vumbi, akaniangalia. Loth alikuja, akavaa miwani, akaligeuzageuza fundo.

"La marehemu baba yako," alisema.

"Ndilo."

"Alikuwa anafunga vizuri." Akanirudishia. "Haya, fungeni mkanda mpya tuone nani anahama."

Careen alipanga alama za gia, akafunga mkanda, akatia spana kwenye boliti ya krenki na kuizungusha kwa mkono, polepole, raundi nzima. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: zikigusana, mkono unakwama. Nilitazama bega lake. Halikukwama. Akaenda raundi ya pili, haikukwama.

"Bado," Loth akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Lete kipimo cha kompresheni."

Walitoa plagi zote sita. Prosper akakaa nyuma ya usukani kupiga stata, Careen akashika kipimo, Loth mwenyewe akasoma, kwa sababu alitaka asidanganywe. Valvu iliyopinda haifungi vizuri, na silinda yake ingevujisha hewa na kusoma karibu na sifuri.

"Ya kwanza, mia na hamsini."

Stata.

"Ya pili, mia na arobaini na nane."

Ya tatu. Ya nne. Nilikuwa nimeshika mgunga, na msumari wa ubao ulikuwa unanichoma bega, sikusogea. Ya tano Loth alikawia, akafuta kioo cha kipimo kwa shati lake.

"Mia na hamsini na moja."

Ya sita ikawa mia na arobaini na tisa.

"Hakuna aliyekufa," Loth alisema, akavua miwani.

Yudith alipiga kigelegele ambacho kilimwamsha mbwa wa stendi. Prosper alitoka garini akamkumbatia Careen, akakumbuka ni binti wa watu, akamkumbatia Loth badala yake. Mimi nikakaa juu ya tairi karibu na ile injini nyingine, nikacheka peke yangu kama mtu aliyepata habari za mtoto aliyepotea. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimebeba sauti ya zile valvu za basi dogo kifuani. Sikujua ilikuwa nzito kiasi gani mpaka iliponyamaza.

Loth akaja, akasimama mbele yangu.

"Mwaka ule, nilitaka kuandika na jina lako pale. Mke wangu alinikataza."

"Namshukuru. Leo ungekuwa umeandika kwa haki."

"Kwa haki kabisa." Akacheka, meno machache yaliyobaki yote nje. "Mama Devotha kajishtaki mwenyewe! Utaandika barua?"

"Ninayo ya kuuondoa ubao huo. Imeshaandikwa. Nataka saini yako."

"Nitaisoma nikipata miwani."

"Si hiyo mkononi?"

"Hii ni ya injini."

Saa nane Careen alifunga kifuniko cha chini, kipya, na boliti zake zote nane, akazihesabu kwa sauti ili nisikie. Tukaijaribu gari barabara kuu, yeye akiendesha, Prosper nyuma akiwa ameshika kiti. Alipokanyaga, tabo mbili zikalia kwa pamoja, na milima ikaanza kutujia.

Tuliporudi aliniomba aproni. Alitumbukiza mkono mfukoni, akatoa kamba yote, akaizungusha kwenye kiwiko kama mama anayekunja uzi, akaitia kwenye ndoo yake chini ya spana kubwa.

"Hii nakaa nayo mimi."

"Ni ya baba yangu hiyo."

"Najua. Sitaitupa." Akachota boliti ndogo za spana kumi kutoka kwenye kopo, akanijazia mfuko mpaka ukalala upande. "Ukiona kifuniko kimelegea, mama, tia hizi. Halafu niambie."

Natembea nazo mpaka leo. Nikipita, Loth ananisikia kwa mlio kabla hajaniona, na siku hizi yeye ndiye anayeanza kuongeza neno la tatu.